UZI: Kuosha na kupiga polishi gari nyumbani kwa hali ya hapa Malindi (chumvi, maji ya kisima, jua)

Bin_Sabaki

Assalaam aleikum wadau, na habari zenu wote. Kila wiki naona watu wanauliza polishi gani nzuri, waksi gani inadumu, na gari zenyewe zinazidi kupauka, kwa hivo nimeona nifungue uzi mmoja wa kuosha gari nyumbani kwa hali ya kwetu. Video nyingi tunazotazama ni za watu wa nchi za baridi, wana maji laini ya mfereji na gereji yenye paa, na sisi gari inalala nje, upepo wa bahari unaipiga usiku kucha na maji ni ya kisima. Msimamo wangu nausema mapema: gari za pwani zinaharibiwa rangi na vile zinavooshwa kuliko zinavoharibiwa na barabara. Ukiosha sawasawa polishi utaihitaji mara moja moja sana, na hio ndo faida yenyewe kwa sababu polishi haiongezi kitu kwenye gari, inapunguza.

Nieleze hapo. Hizi gari zetu nyingi za kutoka Japani rangi yake ina matabaka, chini praima, juu yake rangi yenyewe, halafu juu kabisa klia, ile inayong'aa. Klia ya kiwandani mara nyingi ni maikroni 40 hivi, unywele wa binadamu ni kama 70. Sasa polishi ni dawa yenye chembe za kusaga, kazi yake ni kula klia kidogo mpaka mkwaruzo upotee. Klia ikiisha jua la hapa linaifikia rangi, boneti na paa zinaanza mabaka meupe, kisha klia inabanduka vipande vipande, na hapo hakuna polishi ya kusaidia, ni kwenda kwa fundi wa rangi na pesa mkononi. Waksi haisagi, inapakwa juu ikae iwe kinga. Mtu anakwenda dukani anataka kinga, anauziwa kompaundi ya kukata, yaani polishi kali ya kusaga, anaipaka kila Ijumaa, na anashangaa gari inazeeka.

Mikwaruzo inatoka kwa mchanga. Gari imetoka Marafa imejaa ule udongo mwekundu, ama imeshinda Mayungu inapigwa na mchanga mwembamba wa pwani, kijana anakuja na ndoo moja na fulana kuukuu, anachovya anasugua, anachovya anasugua, maji yashakuwa kahawia na bado anasugua nayo. Isimamishe gari nyeusi juani saa nne asubuhi uinamie boneti, utaona mistari midogo midogo kama utando wa buibui imelizunguka jua pale linapomulika. Watu wanasema ni uzee wa gari. Ni mchanga na kitambaa.

Mimi naosha hivi. Asubuhi mapema ama baada ya alasiri, gari iko kivulini na boneti imepoa, ukiweka kiganja usisikie moto. Rimu na matairi kwanza, kwa ndoo yake na brashi yake, kwa sababu vumbi la breki lina chuma kilichosagika na sitaki lifike kwenye bodi. Kisha maji matupu, mengi, bila kugusa kitu, kutoka paani kushuka chini, na mpira wa maji unauingiza mpaka ndani ya madigadi na chini ya milango, chumvi inajificha huko na kutu inaanzia huko. Chumvi ya bahari inayeyuka kwa maji peke yake, haitaki kusuguliwa, inataka kupewa maji na nafasi ya kutoka. Ukimaliza hapo ushaondoa zaidi ya nusu ya vitu vinavyokwaruza.

Ndo sasa zinaingia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya maji matupu ya kusuuzia. Glovu ya kuoshea ama maikrofaiba nene inachovya kwenye shampuu, inapita paneli moja kwa mstari ulionyooka, inasuuzwa kwenye ndoo ya maji matupu, inakamuliwa, ndo inarudi kwenye shampuu. Paa, vioo, boneti, buti, milango nusu ya juu, na mwisho kabisa bampa na chini ya milango manake huko ndo mchanga uliko. Kitambaa kikianguka chini kimemaliza kazi siku hio, kikung'utwe vipi hakirudi kwenye rangi. Na sabuni ya unga ya nguo ama ya vyombo iacheni jikoni, zimetengenezwa kukata mafuta, zitaondoka na waksi yako.

Kukausha ndo kubaya zaidi kwetu na ndo watu wanakopuuza. Maji ya visima vyetu yamekaa kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Ukiiacha gari ijikaushe kwa upepo maji yanaondoka na chokaa inabaki pale pale, yale madoa meupe ya duara. Kwa hivo paneli iliyokwisha kusuuzwa inakaushwa saa hio hio, taulo kubwa la maikrofaiba unalilaza bapa juu ya boneti unalivuta kuja kwako taratibu, hakuna kusugua. Kama jua lishakuchukua endelea kumwagia gari maji mpaka uwe tayari kukausha, isikauke katikati ya kazi.

Ya polishi na waksi tutaendelea, leteni maswali.

Bint_Barani

Waaleikum salaam kaka, shukran kwa uzi. Mimi nina Demio nyeusi, nakaa Barani, maji yetu ni ya kisima. Hayo madoa ya duara ndo yamenijaa boneti nzima na kioo cha nyuma, naosha hayatoki, nikapeleka mahali wakanisuguia kwa brashi ngumu hayajatoka vilevile na sasa kuna mikwaruzo juu yake. Nimeambiwa nikapige polishi elfu nne. Nifanye?

Bin_Sabaki

@Bint_Barani pole dada, usitoe hio elfu nne kwanza. Anza kujua una kitu gani. Lowesha sehemu moja ndogo kwa maji safi dakika chache upanguse. Doa likitoka lilikuwa chumvi. Lisipotoka ni chokaa, na chokaa haitoki kwa sabuni hata usugue mpaka kesho, inataka asidi nyepesi. Chukua siki nyeupe ya jikoni, ichanganye nusu kwa nusu na maji ya betri, yale ya chupa wanayouza petroli stesheni ya kuongezea betri. Hayo hayana chokaa kabisa. Ukichanganya siki na maji yale yale ya kisima unaiongezea kazi.

Gari iwe imeoshwa, ipo kivulini, imepoa. Lowesha kitambaa kwa ule mchanganyiko, kilaze juu ya madoa dakika moja hivi, pangusa polepole, suuza kwa maji mengi, kausha. Jaribu pembeni kwanza uone rangi inasema nini. Usiipake paneli nzima ikakauka.

Na sikiliza hapa kwa makini dada, na wengine wote: dukani kuna MAJI ya betri na kuna ASIDI ya betri, chupa zinaweza kufanana na mara nyingine ziko rafu moja. Asidi ya betri ni salfuriki, itakuchoma mikono na macho na itaila rangi. Soma chupa mwenyewe, usimtume mtoto.

Mzee_wa_Rangi

Hodi humu ndani. Mimi ni fundi wa rangi, gari nimezipiga tangu enzi za Peugeot 504. Kijana Bin_Sabaki umesema vizuri ila kuna mawili matatu nikuongezee na moja nikupinge.

La kupinga: sabuni ya vyombo usiifukuze kabisa. Siku unataka kupiga polishi ama kupaka waksi upya unaitaka rangi tupu, isiwe na mafuta ya waksi ya zamani. Siku hio moja mimi natumia, nasuuza sana, naendelea na kazi. Kosa ni kuoshea nayo kila wiki.

La kuongeza: si kila gari ina klia. Hizi Probox nyeupe na pikapu nyingi za kazi zimepigwa rangi ya tabaka moja, rangi na mng'ao ni kitu kimoja. Utajuaje? Weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, ama cheusi kama gari ni nyeupe, sugua mahali palipojificha. Kitambaa kikichukua rangi ya gari basi haina klia. Rangi hio ikipauka ikawa kama ina unga unga, polishi inairudisha vizuri sana, bora kuliko yenye klia, lakini unajua unachokitoa ni rangi yenyewe, kwa hivo ukimaliza ipake kinga ikae.

Na la tatu nalisema kwa uchungu. Kuna vijana wanapiga polishi kwa grainda, ile ya kukatia chuma, wameifunga sponji mbele. Grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya kupolishia unaiweka elfu moja, elfu na nusu, inafika labda elfu tatu. Grainda inachemsha klia sekunde mbili imepita mpaka kwenye praima, na inapenda kula kwenye kingo za boneti na mistari ya milango kwa sababu pale klia ni nyembamba. Naletewa hizo gari. Mwenyewe aliambiwa ni polishi, sasa analipia boneti nzima kupigwa rangi. Ukimuona mtu na grainda chukua ufunguo wako uondoke.

Bin_Sabaki

@Mzee_wa_Rangi ahsante sana mzee wangu, la sabuni ya vyombo nimelikubali kwa siku ya polishi. La grainda lisomwe na kila mtu.

Dereva_Mambrui

Nyinyi mnaongea kama gari zote ni za kwenda harusini. Mimi niko na Probox ya kazi, Mambrui Malindi, Malindi Gongoni, siku nzima. Nikimwambia mtu ndoo mbili na glovu na taulo atanicheka, maji yenyewe nanunua kwa mtungi yakikatika. Mimi ni Omo, kitambaa, halafu dizeli kidogo chini na kwenye madigadi kuzuia kutu ya Gongoni kule kwenye mashamba ya chumvi, na gari inatembea. Dizeli imetusaidia miaka.

Bin_Sabaki

@Dereva_Mambrui kaka nakuelewa, wewe ndo uko kwenye chumvi kuliko sisi wote, na swali la maji ni la kweli. Kwa hivo nikujibu kwa maji machache.

Nunua pampu ya kunyunyizia dawa shambani, ile ya kubeba mgongoni ya lita 16 ama 20. MPYA, isiwe imewahi kutiwa dawa yoyote ya magugu ama ya wadudu. Nusu ya kwanza ni maji na shampuu kidogo, unanyunyizia gari yote kutoka chini kwenda juu, unaacha dakika tatu nne kivulini mchanga ulainike, isikauke. Nusu ya pili ni maji matupu unashusha ule uchafu, mkazo zaidi kwenye madigadi. Umetumia mtungi mmoja na hujagusa rangi. Ukiwa na mtungi wa pili ndo unapitisha kitambaa safi, vitambaa vinne vitano vidogo, kila upande mmoja ukichafuka unageuza, vyote vikichafuka umemaliza, hakuna kurudisha kichafu kwenye gari. Siku za kazi nyingi piga ule mtungi mmoja peke yake jioni ukirudi kutoka Gongoni. Kwa gari ya kazi kuondoa chumvi kila jioni kuna maana kuliko kung'arisha Ijumaa.

Dizeli nakupinga. Inakaa na unyevu wa mafuta, vumbi la barabara linaganda nayo linakuwa tope, na lile tope linashika chumvi na maji pale pale kwenye chuma. Halafu dizeli inalegeza mpira, na huko chini kuna bushi, kuna mipira ya breki, kuna raba za sheli za ekseli. Ukitaka kinga ya chini kuna waksi za kupulizia chasisi, gari ioshwe chini, ikauke kabisa, ndo ipulizwe. Ukipulizia juu ya chumvi umeifungia ndani.

Mzee_wa_Rangi

Kweli kabisa hilo la kufungia chumvi ndani. Na chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutoa maji. Pitisha kijiti chembamba. Vikiziba kwa mchanga na majani, mlango unakaa na maji ya chumvi ndani, kutu inatoka ndani kuja nje, na wewe unaona uvimbe mdogo wa rangi unadhani ndo unaanza. Ukiuona uvimbe ujue bati lishaliwa.

Dereva_Mambrui

Hio ya pampu sikuwahi kuifikiria, ntajaribu. Hio ya vitundu ndo nimeenda kuangalia saa hizi mlango wa nyuma wa kushoto, nimechomeka waya yametoka maji ya kahawia karibu kikombe. Dizeli bado nafikiria lakini kwenye mipira mmenishika.

Mokowe_Jeti

Salaam kutoka upande wa Lamu. Sisi wengi tunaacha gari Mokowe pale tunavuka kwa boti kwenda Amu, yaani Lamu mjini, mtu anakaa siku kadhaa gari iko juani na upepo wa bahari. Nina turubai la kufunikia lakini nikirudi naona kama mikwaruzo inazidi, hasa kusi likivuma. Ni bora kufunika ama kuacha wazi?

Bin_Sabaki

@Mokowe_Jeti kaka turubai juu ya gari chafu wakati wa kusi ni msasa. Upepo unalitikisa usiku kucha na katikati yake na rangi kuna vumbi la safari nzima. Kama gari imeoshwa na kukauka, na turubai lina kitambaa laini upande wa ndani, na umelifunga kamba likabana lisipigepige, funika. Kama gari imefika sasa hivi ina vumbi la njia ya Garsen, iache wazi, umepata hasara ndogo. Turubai la plastiki lile la buluu la ujenzi usilitumie kabisa, linafungia unyevu ndani na rangi inapata malengelenge.

Kinga nzuri ya gari inayoshinda nje ni waksi ama siilanti kabla hujasafiri. Waksi ya karnauba, inatoka kwenye majani ya aina ya mnazi wa Brazil, inapendeza sana kwa gari nyeusi na nyekundu ila kwa jua letu wiki kadhaa imekwisha. Siilanti ya kutengenezwa kiwandani inakaa miezi. Kwa mtu wa Mokowe mimi ningechukua siilanti. Na ukirudi kutoka Amu, kabla hata ya kuwasha waipa, mwagia kioo maji, manake kile kioo kina chumvi na mchanga na waipa itachora nusu duara ambayo haitoki.

Kivuli cha makuti ni kizuri kuliko turubai kama unakipata. Vijiti vya makuti vikianguka juu ya boneti usivipanguse kwa mkono, vipulize ama umwagie maji.

Bint_Barani

Mrejesho wadau. Siki na maji ya betri yametoa mengi wallahi, kioo cha nyuma ni kama kipya. Kwenye boneti yamebaki machache, ukipitisha kidole hayana ukwaru lakini kwa mwanga wa pembeni unaona kivuli cha duara. Pia pale ninapoegesha kuna mwarobaini na kunguru hawana huruma, kuna doa moja la kinyesi limeacha alama kama rangi imekunjamana.

Bin_Sabaki

@Bint_Barani mashallah. Hayo yaliyobaki bila ukwaru chokaa imeondoka lakini ilishaila klia, limebaki shimo dogo. Siki imefikia mwisho wake, usizidishe. Hapo ndo polishi ina kazi halali, kwa boneti peke yake, si gari nzima.

Kinyesi cha kunguru kina asidi na kinakauka kigumu, mchana klia inapata moto inalegea, usiku inapoa inajikaza, na pale penye kinyesi inakaa vibaya, ndo unaona mkunjo. Dawa ni haraka. Weka kwenye buti chupa ya maji na tishu, lowesha tishu ilaze juu ya kinyesi dakika tano kilainike, kisha kinyanyue, usikisugue kwa sababu ndani kina mbegu na mchanga. Usingoje Jumamosi ya kuosha gari. Utomvu wa mwembe ni vivyo hivyo haraka, huo unatoka kwa spiriti ya duka la dawa kwenye pamba, gusa na unyanyue, kisha osha pale. Na kama unaegesha chini ya mkorosho, tafuta mahali pengine tu.

Mzee wa Rangi, mwelekeze dada polishi ya mkono.

Mzee_wa_Rangi

@Bint_Barani mwanangu, kwa boneti moja huhitaji mashine. Kwanza osha kama ulivoelekezwa, kausha. Kisha tia mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, ule wa mkate, upitishe juu ya boneti polepole. Plastiki itakuonesha kila punje, mkono mtupu hauisikii. Ukisikia ukwaru ujue kuna vitu vimejishika kwenye klia, vumbi la breki, chokaa, utomvu. Hivo vinatolewa na klei, udongo laini wa kusafishia rangi, unalowesha paneli kwa maji ya shampuu, unakiteleza kipande cha klei bila kukandamiza, mpaka kiteleze kimya. Ukiiruka kazi hio, polishi itazisukuma zile punje kwenye rangi. Klei ikianguka chini itupe, hata kama ni mpya.

Halafu polishi laini, ya kumalizia, si kompaundi. Pedi ya sponji ya mkono, si kitambaa cha kanga. Fanya kipande cha nusu mita kwa nusu mita tu kwanza. Tone nne tano za polishi, pitisha kwa mistari ya kwenda na kurudi halafu ya kukata, nguvu ya wastani, mpaka ibaki kama ukungu mwembamba. Futa kwa maikrofaiba safi. Kisha pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji ya betri nusu kwa nusu, hii usiiruke, polishi ina mafuta yanayojaza mikwaruzo ikajificha, utafurahi leo na wiki ijayo umerudi pale pale. Spiriti inaondoa mafuta unaona ukweli. Kama kile kipande kimependeza endelea na boneti nzima. Kama kimebaki na kivuli kidogo, kubali kibaki. Mkwaruzo mdogo ulio na klia chini yake ni afadhali kuliko boneti inayong'aa isiyokuwa na klia. Wateja hawapendi nikiwaambia hivo lakini ndo ukweli wa kazi.

Ule mkunjo wa kinyesi utapungua, hautaisha. Ukiusisitiza kwa mkono mmoja pale pale utatengeneza bonde.

Mwisho waksi ama siilanti, nyembamba sana, ukiona nyeupe nene umeweka nyingi. Usiguse plastiki nyeusi za pembeni, waksi ikikauka pale inaacha weupe. Zibe kwa tepu ya karatasi kabla hujaanza.

Muyeye_254

Wadau na taa je? Za Noah yangu zimekuwa manjano, usiku njia ya Sabaki sioni vizuri. Nimeona watu wanasugua na dawa ya meno.

Bin_Sabaki

@Muyeye_254 dawa ya meno ina chembe za kusaga kwa hivo itang'aa kweli, lakini baada ya muda mfupi inarudi manjano. Sababu ni kwamba taa hizi ni plastiki ya polikaboneti, kiwandani wameipaka kinga ya kuzuia miale ya jua, na kinga hio ndo imekufa. Ukiisugua umeondoa mabaki ya kinga na umeiacha plastiki uchi chini ya jua la Malindi.

Kazi kamili ni hii: ziba rangi yote kuzunguka taa kwa tepu, safu mbili. Msasa wa maji, anza 800 ama 1000 kulingana na ubaya, kisha 2000, kisha 3000, kila mmoja na maji mengi na kila mmoja uukatishe mwelekeo wa uliotangulia ili uone mistari ya zamani imekwisha. Taa itakuwa na ukungu mweupe, usiogope, hio ndo inatakiwa. Polishi mpaka iwe kioo. Ipanguse kwa spiriti. Halafu upake kinga mpya, kuna za kupaka zinazouzwa kwa taa, ama Mzee wa Rangi akupulizie klia. Kama hio kinga huna mkononi leo, msasa usiushike leo.

Muyeye_254

Na nikipulizia klia ya kopo mwenyewe?

Mzee_wa_Rangi

Inawezekana, lakini tafuta ya kopo iliyoandikwa inafaa kwa plastiki na ina kinga ya jua. Asubuhi kabla upepo haujaanza, mahali hapana vumbi, mwagia sakafu maji kwanza. Safu tatu nyepesi, ngoja dakika kumi kati yake, ile ya kwanza iwe kama umande tu. Ukiweka nzito itatiririka na itabidi urudi kwenye msasa 1000. Na vaa barakoa, ile ya fundi, si ya kitambaa.

Dereva_Mambrui

Nimenunua pampu. Hapo kwenye shampuu ni kiasi gani kwa lita 16?

Bin_Sabaki

Fuata chupa yako kaka, zinatofautiana. Wewe unatia shampuu kwenye ile nusu ya kwanza, lita 8 hivi, kwa hivo piga hesabu ya hizo 8, si za pampu nzima. Ikitoa povu jepesi linalokaa kwenye mlango dakika mbili tatu bila kukauka, imetosha. Na kwa maji ya Mambrui yale magumu povu litakuwa dogo, usiongeze shampuu kwa ajili ya povu, itakusumbua kusuuza na maji yenyewe ni ya kununua.